CHUMA NDANI YA MFUPA: MSAADA ULIO BORA NI UPI?

 

Katika darsa yetu ya usiku wa Ijumaa liliulizwa swali ambalo tuliliona si la kujibiwa kwa maneno mawili. Kijana mmoja wa mtaani petu aliangushwa na bodaboda, paja likavunjika. Madaktari wakasema kwamba hapana budi atiwe chuma ndani ya mfupa. Jamaa zake wakagawanyika makundi matatu. La kwanza lilisema: mfupa ni kazi ya Mungu, na aliyeandikiwa kilema hatakikimbia; na apelekwe kwa muunga mifupa afungwe vibanzi, na litakalokuwa na liwe. La pili lilisema: na atiwe chuma, lakini kiwe kile cha thamani kubwa, chepesi tena chenye nguvu kuliko vyote, kwani aliye maskini naye ana haki ya kilicho bora. La tatu, nao ndio waliokabidhiwa mchango uliokusanywa msikitini, likasema: mali hii ni ya sadaka, je, si israfu kununua chuma cha ghali hali cha rahisi kipo? Wote watatu walikuwa wakibishana, na mgonjwa amelala kitandani, mguu umefungwa uzito wa kuuvuta.

Sisi twaona kwamba maneno ya makundi haya matatu yamebeba suala moja lililo kubwa kuliko paja la mtu mmoja, nalo ni hili: msaada ulio bora ni upi? Basi tutajibu kwa kadiri ya elimu yetu, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.

JITIHADA NA KUDURA

Tuanze na kundi la kwanza. Sisi watu wa pwani tuna methali isemayo kwamba jitihada haiondoi kudura. Methali hii ni ya kweli, lakini wengi wetu twaifahamu kinyume, kana kwamba imesema kudura yaondoa jitihada! Mtume (s.a.w.) alimuelekeza bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo ategemee. Na mabedui walipomuuliza kama wajitibu, aliwaamuru wajitibu, akawabainishia kwamba Mungu hakuumba maradhi illa ameyaumbia na dawa yake, isipokuwa uzee. Basi mwenye kuuacha mguu wa mwanawe upinde, kisha akasema ndivyo ulivyoandikwa, huyo hakutegemea. Amezembea, kisha akauvika uzembe wake kanzu ya dini.

Wala hatusemi haya kwa kuwadharau waunga mifupa wetu. Wazee hao wameunga mikono mingi ya watoto, na wengi wao ni watu wa ikhlasi. Lugha yetu yenyewe yawashuhudia: wazee wetu waliita kuunga kilichovunjika kuganga, na kumtibu mgonjwa pia kuganga, na kibanzi kinachofungwa juu ya mvunjiko wakakiita gango. Lakini paja si kama kigasha cha mkono. Misuli ya paja ina nguvu nyingi, na mfupa ukishakatika misuli hiyo huvuta kipande kimoja kikapanda juu ya chenziwe. Kibanzi kilichofungwa nje ya nyama nene hakiwezi kukizuia. Kwa hiyo mguu hupona ukawa mfupi, au ukapinda, na mtu akachechemea umri wake wote. Palipo na njia iliyo bora, kuiacha kwa ajili ya mazoea si kuwaheshimu wazee.

Wako pia wasemao kwamba kutia chuma mwilini ni kubadili maumbile ya Mungu. Twawajibu kwamba lililokatazwa ni kuligeuza umbile zima kwa ajili ya majivuno. Ama kukirudisha kilichovunjika mahali pake, huko ni kulihifadhi umbile.

PUA YA ARFAJA

Na jambo hili si geni katika dini yetu. Wamepokea Abu Daud na Tirmidhi habari za sahaba Arfaja bin As'ad, ambaye pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab, zama za ujahili. Akajifanyizia pua ya fedha. Nayo ikamharibikia ikanuka. Mtume (s.a.w.) akamuamuru afanye pua ya dhahabu. Tazameni, ndugu zetu! Dhahabu ni haramu kwa wanaume wa umma huu, na fedha haikuwa na uzito wa uharamu huo. Walakini madini ya kwanza yalipoufanyia mwili khiyana, Mtume hakumwambia yule mtu asubiri na harufu yake. Alimuelekeza kwenye madini yaliyo bora zaidi.

Kisa hiki ndicho asili ya elimu yote tutakayoieleza hapa, kwani suala la kwanza la chuma cha mwilini si nguvu zake. Suala la kwanza ni hili: je, chaweza kukaa na mwili bila ya kuharibika na bila ya kuudhuru? Abulqasim al-Zahrawi, tabibu wa Kiislamu wa Andalusia aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliandika katika kitabu chake *al-Tasrif* juu ya kufunga meno yaliyolegea kwa uzi wa madini, na akachagua dhahabu kwa sababu fedha haikai, hugeuka rangi na kuharibika.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamelichimba suala hili zaidi. Imamu Nawawi, katika *Minhaj* ambayo husomwa katika darsa zetu, amemruhusu mwanamume pua ya dhahabu, na jino, na ncha ya kidole. Lakini hakumruhusu kidole kizima. Kwa nini? Wenye kukisherehesha kitabu wamesema: ncha ya kidole hupelekwa na kiungo kilicho hai chini yake, ikafanya kazi; ama kidole kizima cha dhahabu hakiwezi kukunjika, basi hubaki kuwa pambo tu. Tulihifadhi neno hili, kwani tutalirudia: kipimo chao ni kazi, si pambo.

Na katika kitabu hicho hicho mna hukumu ya mtu aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi kwa kukosa kilicho tohara, kwamba ana udhuru. Ikiwa huyo ana udhuru, basi mwenye chuma, ambacho ni tohara, hana la kutilia shaka sala yake. Na akifa, chuma hicho hakitolewi, kwani mwili wa maiti una heshima kama wa aliye hai.

SAFARI YA MADINI

Sasa na tuone madaktari na mafundi wa Ulaya walipita njia gani. Mwishoni mwa karne ya 19, William Arbuthnot Lane wa London alianza kufunga mifupa kwa skrubu za chuma, na baadaye kwa mabamba. Lakini majimaji ya mwili yana chumvi, na sisi tunaokaa kando ya bahari hatuna haja ya kuelezwa chumvi hufanya nini kwa msumari. Vyuma vile vilishika kutu, na vingine vikavunjika. Albin Lambotte wa Ubelgiji, mwanzoni mwa karne ya 20, alijaribu bamba la magnesiamu, madini mepesi sana. Likayeyuka kwa siku chache tu na kutoa hewa chini ya ngozi kabla mfupa haujaungana. Kati ya miaka ya 1920 na 1930 kikapatikana chuma cha pua kisichoshika kutu upesi, na baadaye mchanganyiko wa kobalti na kromiamu.

Kisha ikaja titaniamu. Mwaka 1952, Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alikuwa akichunguza mtiririko wa damu ndani ya mfupa wa sungura, naye alikuwa ametia humo chombo kidogo cha titaniamu. Alipotaka kukitoa, hakikutoka: mfupa ulikuwa umekishika ukawa nacho kitu kimoja. Mwaka 1965 akatumia elimu hiyo kumtilia mgonjwa wa kwanza mizizi ya meno. Siri ya madini haya ni kwamba yakiguswa na hewa hujivika ngozi nyembamba mno ya kutu yake yenyewe, nayo kutu hiyo, badala ya kuyala, huyalinda. Na uzito wake ni mdogo: kipande cha sentimita moja kila upande kikiwa cha chuma cha pua kina karibu gramu 8, kikiwa cha titaniamu, kama gramu 4 na nusu.

Mtu akisoma habari hizi huenda akadhani kwamba kilichobaki ni kutafuta madini yenye nguvu zaidi na zaidi, mpaka kipatikane chuma kisichopinda kabisa. Hapo ndipo penye kosa, na hapo ndipo penye fundisho.

MFUPA NI KIUMBE HAI

Wengi wetu twauona mfupa kama mti mkavu ulioshika nyama. La! Mfupa una damu na una uhai. Ndani yake mna wafanyakazi wa aina mbili wasioonekana kwa jicho: hawa huubomoa mfupa uliochakaa, na wale huujenga mpya. Nao hawajengi ovyo. Julius Wolff, tabibu wa Berlin, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kwa kufuata mzigo unaouchukua: palipo na mzigo hunenepa, na palipoondolewa mzigo hukonda. Ndiyo maana mkono wa mtu apigaye kazi nzito una mifupa minene. Na ndiyo maana wasafiri wanaokaa miezi mingi juu ya anga, ambako miili haina uzito, hurudi mifupa yao imepungua, hatta kiasi cha moja katika mia kwa kila mwezi katika nyonga.

Katika miaka ya 1860, mjini Zurich, mhandisi Karl Culmann aliitazama michoro ya ndani ya kichwa cha mfupa wa paja iliyochorwa na Hermann von Meyer. Akastaajabu kuona kwamba vijiti vidogo vya mfupa vilivyomo mle vimepangwa kwa mistari ile ile ambayo yeye hupangia vyuma vya winchi ya kunyanyulia mizigo. Hapana kilichozidi wala kilichopungua: penye mzigo pana kijiti, pasipo na mzigo ni uwazi. Basi aliyeuumba mfupa hakuujaza, aliupima. Mwenye kutaka kuona dalili za Mola wake hana haja ya kwenda mbali, na atazame ndani ya paja lake.

CHUMA KISICHOKUBALI KUPINDA

Sasa tuvikutanishe viwili hivi. Wataalamu wa madini hupima ukakamavu, yaani ukaidi wa kitu usikubali kunyumbuka, kwa kipimo kiitwacho gigapaskali. Mfupa mgumu wa paja una kama 15 hadi 20. Titaniamu itumikayo sana hospitalini ina kama 110. Chuma cha pua kina karibu 200, na mchanganyiko wa kobalti na kromiamu hupita hapo. Maana yake ni kwamba chuma cha pua ni kikaidi mara kumi kuliko mfupa.

Fikirini mahamali wawili wa bandarini wamechukua mzigo mmoja kwa mzega, na mmoja ni mtu wa kunyooka asiyeinama hatta kidogo, na mwenziwe huinama kidogo kila mzigo unapomlemea. Ni nani atakayebeba? Bila shaka ni yule asiyeinama. Mwenziwe atakwenda naye ameshika mti tu, hana uzito begani. Ndivyo yalivyo mambo kati ya chuma kikaidi na mfupa. Chuma hubeba kila kitu. Na mfupa, kwa kuwa hauna kazi, wafanyakazi wake hubomoa wala hawajengi. Hukonda, hugeuka kuwa mwepesi kama sifongo. Imeonekana kwa watu waliotiwa nyonga za chuma kwamba mfupa wa juu wa paja huyeyuka kidogo kidogo kando ya chuma chenyewe. Na imeonekana kwa wengine kwamba bamba lilipotolewa baada ya kupona, mguu ulivunjika tena, kwa kuwa mfupa ulisahau kazi yake.

Wala dawa si kutia chuma kilicholegea. Chuma kikilegea mno, vipande vya mfupa hutikisika na haviungani. Na kipo hatari nyingine: mguu mmoja wa mtu hupiga hatua kama milioni moja kwa mwaka, na kila hatua hukipinda chuma kidogo. Mfupa ukiingia ufa mdogo hujiponya. Chuma kikiingia ufa hakijiponyi. Kwa hivyo kila chuma kilichotiwa mfupani kimo katika mashindano na wakati. Mfupa ukiungana mapema, chuma hupumzika. Mfupa usipoungana, chuma hatta kiwe cha thamani gani, mwisho wake kitakatika. Na hapa ndugu zetu wa kundi la kwanza wapate jawabu yao ya mwisho: chuma hakiponyi. Chuma hushikilia tu, mpaka kile kilicho hai, kilichotiwa uhai na Mungu, kimalize kazi yake. Madaktari wenyewe wayajua haya kuliko sisi.

WANACHOKITAFUTA MAFUNDI WA LEO

Kwa sababu hii mafundi wa zama zetu hawatafuti tena chuma kigumu kuliko vyote. Wanatafuta chuma kinachokaribiana na tabia ya mfupa. Gerhard Küntscher wa Kiel, Ujerumani, alikwisha kufungua njia mwaka 1939 alipotia msumari mrefu ndani ya uwazi wa uboho, katikati ya mfupa, ambapo msumari na mfupa huweza kushirikiana mzigo. Huko Japani, Mitsuo Niinomi na wenzake wamechanganya titaniamu na niobiamu, tantalamu na zirkoniamu, wakapata madini yenye ukakamavu wa kama 60, yaani karibu nusu ya titaniamu ya kawaida.

Wengine wamechukua unga wa titaniamu, wakauyeyusha kwa mwali, tabaka juu ya tabaka, wakijenga kiungo chenye matundu madogo madogo mfano wa sifongo, kwa namna ile ile aliyoiona Culmann: hutia madini penye mzigo, na pasipo na mzigo huacha uwazi. Kiungo kama hicho ni chepesi, hunyumbuka karibu na mfupa, na mfupa wenyewe huota ndani ya matundu yake ukakishika. Lakini nacho kina aibu yake: ufa wa kuchoka hupenda kuanzia kwenye matundu na mikwaruzo, kwa hivyo hakifai kila mahali.

Na wengine wamerudia magnesiamu iliyomshinda Lambotte, wakaichanganya na madini mengine ili iyeyuke polepole. Mwaka 2013 skrubu za namna hiyo zilizotengenezwa Ujerumani ziliruhusiwa kutumika Ulaya kwa mifupa midogo. Skrubu hiyo hushikilia mfupa, kisha huyeyuka na kutoweka mfupa unapopata nguvu. Kwa paja bado haina nguvu za kutosha. Lakini nia yake ni njema iliyoje: kumsaidia mtu, kisha kumwondokea!

FUNDISHO LETU

Ndugu zetu, sisi si madaktari, wala hatuandiki haya ili kuwafundisha madaktari kazi yao. Twaandika kwa sababu tumeuona humu mzani wa kila msaada. Msaada unaolegea humwacha mtu aanguke. Msaada unaobeba kila kitu humla mwenye kusaidiwa kwa ndani, na kwa nje aonekana amesimama. Msaada ulio bora ni ule unaobeba kile asichokiweza, ukamwachia kile anachokiweza, na ukaupunguza mkono wake kadiri naye anavyopata nguvu.

Mama humbeba mtoto kwa mbeleko, lakini huja siku akamshusha chini. Asingemshusha, miguu ingekuwa ya nini? Na Mtume wetu (s.a.w.) alipojiwa na Ansari mwenye kuomba, alimuuliza ana nini nyumbani, akaleta nguo na chombo cha kunywea, Mtume akaviuza kwa dirhamu mbili, moja ikawa ya chakula cha watu wa nyumbani, na ya pili ikanunua shoka. Akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma yule mtu akakate kuni. Hakumwacha na njaa yake siku ile, wala hakumfanya mwombaji wa maisha.

Je, sadaka zetu za leo ziko hivi? Twatoa mafungu ya senti milangoni kila Ijumaa kwa watu wale wale, mwaka baada ya mwaka, kisha twashangaa kwamba maskini wetu hawapungui. Twawasomesha watoto wetu kukariri wasiyoyafahamu, mwalimu akifikiri kwa niaba yao, kisha twashangaa kwamba akili zao zimekonda. Mfupa usiopewa mzigo ndivyo ulivyo.

AMANA YA WENYE KUTENGENEZA

Liko jambo la pili. Mwenye kutiwa chuma hawezi kukiona wala kukipima. Amelala hana fahamu, na kinachoingia mwilini mwake ni amana mikononi mwa watu wasiomjua. John Charnley, tabibu wa Uingereza, alitengeneza nyonga za bandia, na kikombe chake cha kwanza alikifanya kwa tefloni. Baada ya miaka michache akagundua kwamba kinasagika na kuwadhuru wagonjwa. Hakuficha. Alijitia unga wa kitu kile katika paja lake mwenyewe aone utafanya nini, akaacha tefloni, na mwaka 1962 akatumia aina nyingine ya plastiki, ambayo ndiyo iliyoifanya kazi yake idumu. Mtu huyu si wa mila yetu, lakini tabia hii ndiyo tuliyoamrishwa sisi.

Na kinyume chake pia kimeonekana. Mwaka 2010 aina moja ya nyonga za chuma juu ya chuma iliondolewa sokoni, baada ya kwisha kutiwa watu wapatao 90,000 duniani, kwani ilikuwa ikisagika na kumwaga kobalti na kromiamu mwilini. Ilikuwa imesifiwa kwamba ni mpya na ni imara. Basi neno jipya na neno bora si neno moja, na chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

ISRAFU NI NINI?

Sasa twalirudia kundi la pili na la tatu. Kipimo tumekwisha kukipata kwa Imamu Nawawi: kazi, si pambo. Kile kinachomrudishia mtu kusimama katika sala yake na kwenda katika riziki yake ni haja, wala si israfu, hatta kikiwa cha thamani kubwa. Na maskini ana haki nacho sawa na tajiri. Ama kinachozidi haja, kikatafutwa kwa kuwa kimesifiwa tu, hicho ni kidole kizima cha dhahabu.

Na si kila paja linahitaji madini ya mwisho yaliyovumbuliwa. Liko shirika la Marekani liitwalo SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 huko Richland, Washington, linalotengeneza misumari ya chuma cha pua kwa ajili ya hospitali za nchi maskini, ambazo chumba chao cha upasuaji hakina eksirei. Daktari hufuata kipimo cha chombo chake akayapata matundu ya skrubu. Misumari hiyo imetumika katika nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwemo. Haikubuniwa iwe ya ajabu. Ilibuniwa imfikie mtu. Nasi twaona kwamba hilo nalo ni katika ubora wa chuma.

Lakini tusijidanganye. Sisi tuliobishana juu ya israfu kwa paja la kijana ndio sisi tunaokopa kwa ajili ya arusi za siku saba na pilau za hitima. Hapo hapana aliyeuliza israfu! Na tena tujiulize: katika majina yote tuliyoyataja, tangu Lane hadi Niinomi, yako wapi majina yetu baada ya al-Zahrawi? Imamu Ghazali, zaidi ya miaka 900 iliyopita, alilalamika katika *Ihya* kwamba tiba ni faradhi ya kutosheleza, na iko miji isiyo na tabibu Mwislamu, hali watu wamesongamana katika elimu ya mabishano. Angalikuja leo pwani yetu angalibadilisha nini katika maneno yake? Kuchanganya madini, kupima chuma, kuchora kiungo: hizi nazo ni faradhi za kutosheleza, na wasipokuwako kati yetu wenye kuzisimamia, dhambi ni yetu sote.

JAWABU LETU

Basi tuliwajibu jamaa wa kijana hivi. Kundi la kwanza: kumtibu ni wajibu wenu, wala hakupunguzi imani. Kundi la pili: muulizeni daktari ni kipi kinachotosha, si kipi kilicho cha ghali. Kundi la tatu: mkiisha kuambiwa kinachotosha, toeni bila ya kunung'unika.

Daktari alisema kwamba kwa mvunjiko ule, na kwa umri ule, msumari wa chuma cha pua watosha. Akatiwa. Siku chache baadaye akaamrishwa ainuke kwa magongo na aukanyage mguu kidogo kidogo. Mama yake akalia, akasema mwacheni mwanangu apumzike, chuma kimo, na kibebe. Daktari akamwambia: "Mama, nikimwacha alale, mfupa nao utalala." Pesa zilizosalia katika mchango zikawekwa, si za kumlisha mwaka mzima, bali za kumrudisha kwenye useremala wake atakapoweza kusimama.

Leo asimama katika safu pamoja nasi. Chuma kimo ndani, hakuna akionaye, na mfupa uliokizunguka ndio unaombeba.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, atie nguvu katika mifupa yetu na ikhlasi katika sadaka zetu, na atujaalie tuwe wenye kushikilia bila ya kulegeza, na kuachia bila ya kutupa. Amin.